Jembe la Marehemu

Hivi wewe umewahi kumpikia uji mtu ambaye matanga yake ulishayaanua? Sisemi kumwota. Sisemi kumwona mtu kwa mgongo sokoni, moyo ukakudunda, ukamkimbilia, kumbe siye. Nasema kukoroga uji, kuumimina bakulini, kumsogezea, naye anaupuliza polepole kwa pembe ya kushoto ya mdomo, vilevile kama alivyokuwa akiupuliza zamani. Yustina wa Mgeta yalimpata hayo, mwezi wa sita, mwaka wa themanini na moja, ukungu umekaa juu ya mapaa ya nyumba kama kuku anayeatamia.

Alikuwa uani anamenya njegere kwenye ungo. Akasikia hodi. Sauti ilitoka upande wa jikoni, si mlango mkubwa, na hilo lilimshangaza kidogo, maana mgeni haanzii jikoni. Akaitika karibu bila kuinua uso. Alipouinua, akamwona mwanamume amesimama kando ya kuni, kofia mkononi, uzito wote kaulaza kwenye mguu mmoja. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi. Alikuwa Thobias, mume wake, aliyekufa vitani Uganda.

Hakupiga kelele. Majirani waliokuja kumuuliza baadaye walikataa kuamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akauliza, "Umetembea kutoka wapi?"

Thobias akasema lori lilimshusha darajani. Yustina akasema basi atakuwa na njaa, akaingia jikoni kuchochea moto. Uji wenyewe ulikuwa wa chumvi, maana sukari miaka ile ikifika duka la kijiji leo, kesho unasimuliwa. Thobias alikunywa, akaongezewa, akanywa tena. Kisha akaomba jambo moja tu, kwamba alale palepale jikoni, kwenye kitanda cha kamba kilichokuwa kikiwekewa matenga. Yustina alitaka kumwambia kwamba nyumba ni ileile na kitanda cha ndani ni kilekile. Akainuka, akaenda kuondoa matenga.

Taabu yao yote ilianzia hapo, kwa hiyo ngoja ielezwe vizuri, isije ikaonekana walikuwa watu wa ajabu.

Kwa Waluguru nyumba na shamba hufuata upande wa mama. Ile nyumba ilikuwa ya Yustina, na zile ngazi za shamba zilizoshuka mpaka kijitoni zilikuwa za ukoo wa mama yake. Thobias alikuwa mtu wa Kinole, upande wa pili wa mlima, kwenye migomba na mdalasini. Alikuja Mgeta kama mkwe, na mkwe anakuja na mkeka, mundu na jembe. Bibi yake Yustina, ndiye aliyemlea, alimwambia mapema kabisa: mwanaume haombwi kukaa, mjukuu wangu. Akitaka kukaa atatundika jembe mwenyewe. Ukimwomba, utakuwa umemfunga kamba, na mbuzi wa kamba kila siku anatazama njia.

Kulikuwa na mambo ya miti, yaani vigingi vya kutundikia vitu, juu ya mlango kwa ndani, mambo mawili. Siku ile Thobias alipofika, aliinama kuingia, akatazama juu, akalitundika jembe lake pale bila kusema kitu. Bibi alipiga kigelegele mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo, mtu akiingia akaona jembe liko juu ya mlango, anajua nyumba hii ina mume.

Vita ilipotangazwa redioni, Thobias alikuwa mgambo. Walikuwa wakifanya gwaride kwenye uwanja wa shule na bunduki za mti, watu wakiwacheka, na sasa hakuna aliyecheka. Aliondoka pamoja na Andrea, jirani yao wa bonde la pili, juu ya lori la kabichi. Alivaa koti lake zito la kafa Ulaya, mtumba wa wazungu, maana Mgeta huwezi kuishi bila koti, na mtu wa Mgeta humfahamu mwenzake kwa koti hata akiwa amegeuka nyuma kwenye ukungu. Koti hilo lilikuwa na vifungo vya kahawia, isipokuwa kimoja. Cha juu kilikuwa kimeanguka siku nyingi, na Yustina alikuwa ameshona kifungo cha kijani alichokinyofoa kwenye gauni lake. Thobias alilalamika siku ya kwanza kwamba ataonekana kama mti wenye tunda moja. Baadaye akawa anakishika kile kifungo kila akifikiri.

Walikwenda. Josephina, mtoto wao, alikuwa hajajua kutembea vizuri.

Andrea ndiye aliyerudi. Alikuja amekonda, amevaa viatu vya jeshi visivyolingana, akakaa mbele ya mjomba Bonifasi, mkubwa wa ukoo wa Yustina, akasema kwa macho yake alimwona Thobias amelala kando ya njia huko mbele ya Masaka. Mizinga ilikuwa imepiga. Uso haukutazamika. Lakini koti lilikuwa juu yake, na kifungo cha kijani kilikuwa pale juu. Andrea alimzika kwa mikono yake, akamsalia Baba Yetu.

Nani angebisha? Kifungo kile kilijulikana kijiji kizima.

Basi wakakaa matanga. Yustina akanyolewa. Watu wa Kinole wakavuka mlima, na miongoni mwao akaja Stambuli, mzee mfupi muuza pilipili manga, ambaye ukoo wake na ukoo wa Thobias ni watani tangu hakuna anayejua lini. Kazi ya mtani msibani unaijua: kupika, kufagia, na kuwachekesha wafiwa wasije wakafa na wao. Stambuli alivaa suruali ya marehemu, akatembea uani kwa mwendo wa Thobias, ule wa kutupa mabega kama mtu anayebishana na njia, mpaka Yustina mwenyewe, kichwa kimetoka kunyolewa na macho yamevimba, akacheka kilio kikamchanganyikia. Siku ya kuanua, Stambuli akafagia ua, akadai kuku wake, akamla. Kisha jembe likashushwa pale juu ya mlango. Jembe la mkwe akifa hurudi kwao. Akalichukua Mikaeli, mtoto wa dada yake Thobias, akaenda nalo Kinole.

Mambo yale mawili yakabaki. Yustina akifagia ndani alikuwa hayatazami.

Sasa umeona. Mtu huyu karudi, yuko jikoni, anakunywa uji. Kijiji kilifurahi, usidhani hakikufurahi. Kengele ya kigango iligongwa. Mwenyekiti wa kijiji alimtaka asimame kwenye mkutano awaeleze vijana habari za vita, Thobias akasimama, akasema kule kulikuwa na matope sana na watu wa Kyaka walikuwa wakarimu, akakaa. Watu wakasubiri. Mwenyekiti akaona aibu, akapiga makofi. Lakini pamoja na furaha yote hiyo hakuna aliyejua la kufanya, maana wazee walijua namna ya kumlilia mtu na hawakujua namna ya kuyarudisha machozi. Mjomba Bonifasi alikuna kichwa, akasema jambo hili halijawahi kumpitia. Andrea hakuja hata kusalimia. Alijifungia kwake, akasema anaumwa tumbo.

Na Thobias akawa mgeni. Hakuna neno lingine. Asubuhi alijikunjia shuka mwenyewe. Akiletewa maji ya kuoga alisema asante, mpaka Yustina akatamani amsikie analalamika kama zamani kwamba maji ni baridi. Josephina, aliyekuwa sasa ana meno yote na maneno yote, alimwita hivyohivyo. "Mama, mgeni amenichongea mwiko." "Mama, mgeni hajui kwamba mbuzi wetu anapiga." Yustina angeweza kumsahihisha. Kila mara alisubiri Thobias amsahihishe yeye, na Thobias naye alitabasamu tu, akamwuliza mtoto jina la mbuzi.

Wiki zikapita. Mwisho wake Thobias akasema, akiwa anatazama mlima na si Yustina, kwamba amesikia kiwanda kimoja kule Morogoro mjini kinatafuta walinzi, na askari wa zamani wanapewa nafasi kwanza. Kazi ya mlinzi ni kukaa. Mguu wake ungeiweza. Lori la mboga la Ijumaa lingemchukua. Angekuwa anatuma chochote atakachopata kwa ajili ya mtoto.

Yustina akasema, "Sawa."

Akaenda mtoni kuchota maji ambayo hayakuhitajika, akakaa juu ya jiwe. Alichotaka alikijua. Alikijua tangu siku ya lile lori la kabichi, na kilikuwa ni kitu kidogo, mtu angeweza kukisema kwa pumzi moja. Lakini kila alipofungua mdomo alimsikia bibi yake: mbuzi wa kamba kila siku anatazama njia. Akajitwika ndoo, akarudi.

Jumatatu ya wiki ile mvua ya manyunyu iliwafungia wote wawili jikoni. Walikaa wakimenya njegere kwenye ungo mmoja, mikono inakaribiana na kukwepana. Josephina alikuwa amelala. Hapo Yustina akauliza swali lake la pekee. Katika wiki zote hizo hakumuuliza habari za bunduki wala habari za kukawia. Aliuliza, "Koti lenye kifungo changu liko wapi?"

Thobias alitupa motoni ganda lililokuwa mkononi. Kisha akaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayeshuka njia yenye utelezi.

Kule walimpa kubeba kitako cha mzinga, kile chuma kizito cha duara, kwa sababu mkubwa wao alisema watu wa milimani wanazaliwa na tandiko mgongoni. Alikibeba kutoka mtoni Kagera kwenye matope ya magoti, akakibeba Mutukula, akakibeba kwenye barabara ya Masaka, usiku na mchana, mvua haikatiki. Siku moja walipita mahali palipopigwa. Kando ya njia alikuwepo kijana wa kikosi kingine, hata ndevu hajaota, amelala chali. Hakulia mama, hakuomba maji. Alisema baridi. Alisema hivyo tu, "Baridi, kaka," meno yanagongana, na huku jasho linamtoka. Thobias akatua kile chuma, akavua koti, akamfunika, akamfunga na kifungo cha juu ili upepo usiingie. Wenzake walikuwa wanamwita.

"Nikamwambia nitarudi kulichukua," Thobias alisema. "Ili ajue kwamba nategemea kumkuta."

Hakurudi. Siku chache mbele, kwenye kinamasi cha Lukaya, kombora lilianguka karibu nao na paja lake likapasuka. Akaamkia hospitali ya Mwanza. Mguu ulivunjwa na kuungwa, ukavunjwa tena, ukaungwa. Kutoka hapo akapelekwa Dar es Salaam. Alipoweza kutembea alikwenda soko la Kariakoo kutafuta lori la Mgeta, na wa kwanza kumwona alikuwa mpakiaji mmoja wa kwao. Yule bwana alitupa tenga la karoti, akakimbia mpaka akapotelea kwenye mabanda. Karoti zikaokotwa na watoto. Ndipo Thobias alipoelewa kwamba nyumbani kwake matanga yameshakaliwa.

Yustina alitaka kucheka kwa ajili ya karoti, na hakuweza.

"Sasa kwa nini usije siku ileile?"

Thobias akasema alifikiri hivi: wamelia, wamenyamaza. Nikitokea nitawaliza upya. Akapata kibarua cha kulinda ghala hukohuko, akajiambia atakuja mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa na mwezi mwingine nyuma yake. Lakini hilo halikuwa lote. Aliacha kumenya kabisa.

"Mlikaa matanga, mkanyoa, mkasali," alisema. "Mlikuwa mnamlilia yule. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya koti. Huenda hakuna pengine popote alipoliliwa. Nami nikija hapa nikasema mimi ndiye Thobias, nirudishieni vyangu, nitakuwa nimemnyang'anya. Nilimwambia nitarudi kulichukua koti. Sasa ndiyo nalichukua."

Nje maji yalidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Yustina hakuwa mtu wa kubandika maneno juu ya kidonda. Alisogeza ungo karibu na mguu mbovu wa mumewe ili asilazimike kuinama. Wakamaliza njegere.

Kulipopambazuka Jumanne, alijifunga kanga mbili na kwenda bonde la pili. Andrea alijificha nyuma ya mlango, akasema kwa ndani kwamba tumbo bado. Yustina akamwambia tumbo hilo dawa yake ni kutembea. Akamsimulia habari ya kijana na koti, yote, akiwa amesimama palepale nje kwenye umande. Kisha mlango ukafunguka, na Andrea alikuwa ameshika uso kwa mikono yote miwili.

"Kumbe nilizika mtu," alisema. "Mimi nilidhani nimezika uongo."

Yustina akamwomba avuke mlima aende Kinole. Amwite Stambuli, na amwite Mikaeli, na Mikaeli aje na lile jembe. Wafike kabla ya lori la Ijumaa. Andrea alikuwa ameshaingia ndani kuvaa vile viatu vyake visivyolingana.

Unaona alivyofanya? Kumwomba mume alishindwa. Kuliita jembe, bibi yake hakuwa amekataza.

Alhamisi mchana Stambuli aliteremka njia ya msituni, mfuko wa pilipili manga begani, maana alisema hawezi kupanda mlima wote huu kwa ajili ya maiti moja bila kufanya biashara. Alipomwona Thobias uani, hakumkumbatia. Alisimama mbali, akakunja uso.

"Marehemu," alisema. "Nani kakupa ruhusa?"

Thobias, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akacheka. Akasema ruhusa kajipa mwenyewe.

"Mtani hajipi ruhusa. Nilikula kuku wako, nikafagia ua wako, suruali yako nilivaa mpaka ikaisha makalioni. Unafikiri nitatapika?" Kisha akamwambia atembee. Thobias akatembea mpaka kwenye kuni na kurudi, mguu ukivuta. Stambuli akamfuata nyuma akiuiga ule mwendo mpya, hatua kwa hatua, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. "Umeniongezea kazi, mpumbavu wewe. Nilikuwa nimeshaujua ule wa zamani. Sasa itabidi nijifunze huu, na sijui utakufa tena lini."

Watu wakacheka. Mikaeli akamsalimia mjomba wake shikamoo kwa magoti yote mawili, akalisimamisha jembe ukutani. Lilikuwa jembe lilelile, lakini mpini ulikuwa umevunjika akaweka mwingine. Alianza kuomba radhi, Stambuli akamkatiza, akasema limefanana na mwenyewe, chuma cha zamani mguu wa duka.

Basi wakakaa mkekani: mjomba Bonifasi, Stambuli, Andrea, Mikaeli, na Thobias kwenye kigoda kwa sababu ya paja. Yustina alikaa mlangoni na Josephina mapajani. Mjomba Bonifasi akaweka jambo wazi. Matanga yalikaliwa kwa makosa. Je, yanafutwaje?

Stambuli alitafuna mdalasini wake. Akasema matanga si debe la kuazima, kwamba leo nalichukua kesho nalirudisha. Machozi yaliyomwagika yamemwagika, na hayakumwagika bure, kwa sababu mtu alikufa. Andrea alizika mtu. Yustina alinyolewa kwa ajili ya mtu. Matanga yana mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyelala ndani ya koti.

"Kwa hiyo hatuyafuti," alisema. "Tunampa. Yalikuwa yake tangu mwanzo, sisi ndio tulikosea jina. Na koti ni lake vilevile. Wewe, marehemu, huna unachodai kwake, naye hana anachokudai."

Andrea aliinamisha kichwa. Thobias alitazama mikono yake.

"Ila kuna jambo moja halikufanyika," Stambuli aliendelea. "Siku ile niliiga mwendo wa mtu asiyekuwemo. Huyu hajaigwa. Niambie, alitembeaje?"

Thobias aliinua macho kutoka mikononi. "Sikumwona akitembea," alisema. "Nilimkuta amelala."

Mzee yule aliyekuwa hajawahi kunyamaza katika msiba wowote wa milima ile, alivua kofia yake ya viua. Akajilaza chali pale mkekani, katikati ya watu, mikono kifuani. Akatetemesha meno kidogo. Kisha akatulia. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyesema basi inatosha. Ukungu uliingia uani, ukapita juu ya mkeka, ukatoka. Josephina alimwuliza mama yake kwa sauti ya chini kama babu amelala, na Yustina akamwambia ndiyo, amelala kidogo. Thobias alikuwa analia, polepole, bila kujificha, kama mvua isiyo na upepo.

Stambuli akainuka, akajipangusa, akaomba ufagio. Akafagia ua wote mpaka kwenye kuni. Akadai kuku wake, na safari hii akasema atakula firigisi peke yake.

Walikula, wakaagana na jua. Wageni wakalala kwa mjomba Bonifasi. Kabla ya kuondoka Stambuli aligonga mpini wa jembe kwa kidole, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmemweka jikoni mwezi mzima, au mnamnenepesha?" Kila mtu alicheka na kila mtu alitazama jembe. Hakuna aliyeligusa. Mtani anaweza kufagia kila kitu, lakini mambo ya mti yaliyo juu ya mlango wa watu hayafagii.

Usiku huo Thobias alilala jikoni.

Asubuhi ya Ijumaa lori lilipiga honi kule chini darajani. Thobias alikuwa ameshafunga mfuko wake. Uso wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote, kama uso wa mtu aliyetua chuma, na huo wepesi ndio uliomtisha Yustina, maana mtu mwepesi husafiri vizuri. Alimbusu Josephina utosini akiwa bado usingizini. Akamshukuru Yustina kwa kila kitu. Akasema atatuma salamu kwa wapakiaji. Akashika njia.

Yustina alisimama mlangoni. Alimhesabia miti: amepita mparachichi, amepita mpera. Ukungu ulikuwa umeanza kummeza kuanzia miguuni. Akaangalia juu, kwenye yale mambo mawili, na akafikiri kwamba bibi yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kumzika mume akamrudia. Kama yangempata, labda angesema neno tofauti.

Alichukua jembe ukutani, akakimbia. Alikimbia pekupeku kwenye umande, mwanamke mzima, kanga moja imeanguka nyuma, mpini mpya unampiga mguuni. Honi ikalia tena. Alimkuta kwenye kona ya ngazi ya tatu ya shamba, penye njegere, amesimama kupumzisha paja.

Thobias aliona jembe, akatazama mguu wake.

"Mguu huu haupandi tena ngazi hizi, Yustina," alisema. "Nitakulimia nini?"

"Hujaambiwa ulime."

"Sasa jembe la nini?"

Alikuwa anahema. Alilishika jembe kwa mikono miwili kifuani mpaka pumzi ikamrudia.

"La kutundika," alisema. "Nilitaka nikuone unazeeka. Tangu siku ile unapanda lori na kifungo changu, sikutaka kingine. Usiende kuzeekea kwenye lango la kiwanda. Zeekea hapa, nikuone."